Fahamu: Jinsi ya kuchagua safari ya uwindaji kwa bajeti ya kadiri

Uwindaji wa kitalii unaruhusiwa Tanzania, Namibia na Afrika Kusini. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977.

Wapi ni nafuu?
Namibia na Afrika Kusini, hasa kwa swala pala, choroa na tandala. Wengi huwindwa katika mashamba binafsi yanayofikika kwa gari, na siku 7 hutosha. Vitalu vya uwindaji vya Tanzania viko mbali, na ada zake ni kubwa.

Bei inajumuisha nini?
Bei ya siku hulipia malazi, chakula na mwindaji bingwa. Kila mnyama ana ada yake, na ukimjeruhi akatoroka, kwa kawaida unamlipia. Uliza pia gharama za kuandaa na kusafirisha nyara, kibali cha bunduki na bakshishi.

Ukague nini kabla ya kulipa?
Leseni ya mwindaji bingwa, vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) kwa wanyama wanaovihitaji, na fungu la mapato linalowafikia wanavijiji. Namibia iliwapa wenyeji haki ya kunufaika na wanyamapori kwa sheria ya 1996. Safari inayowanyima wenyeji haki yao, hata ikiwa rahisi, usiilipie.