Kabla Mashine ya Kufyekea Haijawashwa

Masika yanapokatika, kote Madale, Dar es Salaam, watu huingia kwenye kufyeka. Majani yaliyoota tangu Machi yamefika kiunoni, mwenye kiwanja anaishi mbali na hajafika tangu Januari, na majirani wameanza kulalamikia nyoka na mbu. Zamani kazi hii ilikuwa ya fyekeo na panga. Siku hizi kijana anakuja na mashine begani, anataja bei ya kiwanja kizima, mnaelewana, anavuta kamba na injini inanguruma.

Kwa macho ya mtu wa usalama kazini, kasoro iko kwenye hiyo bei ya kiwanja kizima. Anayelipwa kwa kiwanja hana sababu ya kupoteza nusu saa akizunguka kuokota mawe. Muda huo hakuna anayemlipa, na kuna kiwanja kingine kinamsubiri Mivumoni au Goba. Kwa hiyo anaingia moja kwa moja kwenye majani asiyojua yamefunika nini.

Na yamefunika mengi. Jirani hapo Wazo kiwanda cha saruji kinachimba mawe ya chokaa tangu miaka ya 1960, na viwanja vya upande huu havikosi mawe. Zaidi ya mawe kuna mabaki ya ujenzi, maana Madale bado inajengwa: kokoto zilizobaki kwenye zege, vipande vya nondo, misumari iliyong'olewa kwenye mbao, na waya wa kufungia nondo. Huo waya ndio ninaouogopa kuliko vyote. Ni mwembamba, una rangi ya udongo, haukatwi na uzi wa nailoni ambao mashine hukatia majani. Unajisokota kwenye kichwa kinachozunguka, kisha kipande kinakatika na kuruka kama mshale.

Piga hesabu uone nguvu iliyopo. Kisu cha chuma, kinachofungwa mahali pa uzi, cha upana wa sentimita 25 kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa, yaani karibu mara mbili ya mwendo wa juu wa treni ya SGR ya Dar es Salaam na Morogoro. Uzi wa nailoni, kwa kuwa unafika mbali zaidi kutoka katikati, ncha yake hukimbia kuliko hata hiyo. Kokoto ikiguswa na kitu chenye mwendo huo haibingiriki, inaruka.

Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya mashine hizi huagiza mtu yeyote asiyefanya kazi akae mita 15 mbali, au zaidi. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho wengi wetu tunakifahamu. Fundi akisimama katikati, hata pembe ya mwisho ya kiwanja iko umbali wa mita 14 na kidogo. Maana yake ni kwamba hakuna mahali salama ndani ya kiwanja hicho pa kusimama kumsimamia. Toka nje. Waondoe watoto, waambie majirani kama mpaka ni michongoma tu na si ukuta, na mtu wa kusimamia njia awepo pale bodaboda zinapopita karibu. Fundi naye azime mashine mara mtu anapomsogelea. Asimgeukie huku kisu kinazunguka.

Pale juu ya kisu kuna kava ya plastiki inayomkinga fundi na vitu vinavyorudi upande wake. Mashine nyingi ninazoziona mitaani hazina kava. Zimevuliwa kwa sababu majani mabichi huganda humo, au ili uzi urefushwe ukate eneo kubwa zaidi. Uzi uliozidi kipimo huilemea injini, na ile kava ikishatoka, shabaha ya kwanza ni muundi wa fundi mwenyewe. Wengine huenda mbali zaidi, wakafunga vipande vya mnyororo mahali pa uzi. Hili halina mjadala. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuzwa kwa vifaa vya namna hiyo kwa mashine za kubeba mkononi, baada ya ajali iliyoua mtu. Mashine yenye mnyororo isiingie kwenye kiwanja chako, hata kama bei yake ni nusu.

Kisu cha chuma kina hatari yake nyingine. Kwa kawaida kinazunguka kinyume na mishale ya saa ukikitazama kutoka juu. Sehemu yake ya mbele kulia ikigonga kisiki au jiwe, mashine nzima inaweza kumrusha fundi pembeni. Fundi mzuri hukata kwa upande wa kushoto wa kisu, akifagia kutoka kulia kwenda kushoto, na mkanda wa begani ameufunga sawasawa. Ukimwona anachomeka kisu mbele kama anayechimba, msimamishe.

Mavazi: buti ngumu, suruali nzito, miwani ya kazi inayoziba pembeni. Yeboyebo hazifai, na miwani ya jua si kinga. Ngao ya wavu usoni ni nzuri lakini chembe ndogo hupenya, kwa hiyo miwani ivaliwe chini yake. Masikio nayo yazibwe. Kelele ikifika desibeli 100, wataalamu wa Marekani wanashauri sikio lisilozibwa lisizidi dakika 15 kwa siku, na injini hizi hufika huko. Kusikia kukishaharibika kwa namna hii hakurudi.

Petroli iliyochanganywa na oili ya 2T mara nyingi hubebwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Naomba tuache. Mtoto mwenye kiu hatanusa kwanza. Akiinywa asitapishwe, kwani ikipita tena kooni inaweza kuingia kwenye mapafu, akimbizwe hospitali. Na tangi lisijazwe injini ikiwa ya moto.

Wenye mashine za umeme, msikate majani yenye umande, wala msichomeke kijiti kwenye tundu la athi ili plagi ya pini mbili iingie.

Jicho likipigwa, usilisugue, usichomoe kilichozama, usitie dawa wala maziwa ya mama. Lifunike kwa kitako cha kikombe cha karatasi bila kuligandamiza, kisha nenda hospitali yenye huduma ya macho, kama CCBRT pale Msasani, siku hiyo hiyo. Jeraha la mguu ligandamizwe kwa kanga safi. Lisipakwe kahawa wala majivu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA ya Tanzania, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini mkaguzi hapiti kwenye kila kiwanja cha Madale Jumamosi asubuhi, na kijana wa kibarua akikatwa mguu mara nyingi hana mfuko wa fidia wa kumtazama. Mkaguzi pekee aliyepo ni wewe unayetoa hela.

Basi ukimwita kijana, mwongezee malipo ya saa moja ya kupita kiwanja chote kwa reki na ndoo, akiokota mawe na waya kabla ya kuvuta kamba. Mahali ambapo majani ni marefu mno, ayapunguze kwanza kwa fyekeo la mkono ili aone chini. Nunua miwani ya kazi uiweke nyumbani kwako, umpe kila anayekuja. Na asiye na kava kwenye mashine yake, mwambie arudi akiwa nayo.