UZI: Upepo ni bure, mbona stima ni ghali?

1/ Juzi barazani hapa Kilindini, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, kila kampeni twaambiwa upepo ni wa Mungu, stima itashuka. Mbona tokeni yangu yaisha vile vile?" Swali zuri. Twende polepole.

2/ Mtambo wa upepo ni kama tanga la jahazi. Upepo wasukuma mapanga, mapanga yazungusha mhimili, mhimili wazungusha jenereta. Ndani mna sumaku na nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka karibu na shaba, umeme unapita. Hakuna kinachochomwa.

3/ Kasi ndiyo kila kitu. Upepo ukiwa na kasi mara 2, nguvu yake ni mara 8. Kwa hivyo mtu akiahidi mitambo "kila kaunti", muulize kwanza upepo wa hapo umepimwa?

4/ Kenya ilianza kidogo, vilima vya Ngong, 1993. Leo Ngong ina megawati 25.5. Ule mradi mkubwa wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, una mitambo 365, megawati 310. Mitambo hiyo iliteremshwa bandarini kwetu, ikapanda malori kama kilomita 1,200.

5/ Sasa bei. Upepo ni bure, lakini mtambo, mkopo na waya si bure. Mitambo ya Turkana ilikuwa tayari 2017. Laini ya kilomita 428 hadi Suswa ikawashwa Septemba 2018. Kwa mujibu wa mkataba, Kenya ikadaiwa fidia ya mabilioni kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

6/ Je, upepo hauna faida? Unayo. Tazama Kipevu, ng'ambo ya bandari: pale umeme hutoka kwa mafuta mazito ya kuagizwa. Gharama yake iko kwenye bili yako, na hupanda na kushuka. Upepo ukivuma, mafuta kidogo huchomwa. Ukilala, lazima kuwe na mbadala.

7/ Na ardhi? 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa hati za ardhi ya mradi wa Turkana hazikufuata sheria. Wafugaji ndio waliokwenda kortini.

8/ Basi nilimjibu mzee: akija tena mwenye kipaza sauti, usimuulize kama upepo ni bure. Muulize: uniti moja ni bei gani, kwa sarafu gani, waya ikichelewa analipa nani? Akinyamaza, umepata jibu.