Kompyuta Haijui Ila Ilichopewa: Vifaa vya Kuingizia na Kutolea Taarifa

Kompyuta imekuwa chombo cha kazi katika ofisi za Serikali, skuli, hospitali na mabenki, Unguja na Pemba. Watumishi wengi huitumia kila siku, na mwananchi anayekwenda kuandikisha kuzaliwa kwa mwanawe, kufungua akaunti au kufuatilia kiinua mgongo chake huikuta mbele ya karani. Hata hivyo, bado ipo dhana kwamba jambo likishatoka katika kompyuta basi ndilo sahihi, na kwamba karatasi iliyochapishwa haina haja ya kusomwa tena. Makala haya yanakusudia kueleza njia ambazo taarifa huingilia na hutokea katika chombo hicho, ili mtumishi ajue wapi pa kuangalia na mwananchi ajue la kuuliza.

KAZI YA KOMPYUTA KWA UFUPI

Kompyuta hupokea taarifa, huichakata, kisha huitoa. Kuchakata hufanyika ndani ya sanduku lake, pasipoonekana kwa macho. Kupokea hufanywa na vifaa vya kuingizia, kama vile kibodi, kipanya, skana, kamera, maikrofoni na chombo cha kusomea alama za vidole. Kutoa hufanywa na kiwambo, printa na spika. Vipo pia vifaa vyenye kazi zote mbili, mfano wake kiwambo cha kugusa cha simu ya mkononi, ambacho huonyesha maandishi na papo hapo hupokea amri ya kidole.

Katika mpango huu, sanduku halina njia ya kujua ukweli wa kile kilichoingizwa. Jambo hili lilidhihirika zamani. Charles Babbage, mwanahisabati wa Uingereza aliyebuni mashine za kukokotoa katika karne ya 19, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1864 kwamba mara mbili aliulizwa na wajumbe wa Bunge iwapo mashine yake ikitiwa tarakimu za makosa itaweza kutoa jawabu sahihi. Alistaajabu namna mtu anavyoweza kufikiri hivyo. Wahenga wetu wangelimjibu muulizaji kwa maneno machache: upandacho ndicho uvunacho.

VIFAA VYA KUINGIZIA

Kibodi ndiyo kifaa kinachotumika zaidi katika ofisi. Mpangilio wa herufi zake umerithiwa kutoka taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874, na ndiyo maana waliojifunza kupiga chapa zamani hawapati taabu kuizoea. Tofauti iko katika makosa. Kosa la taipureta huacha doa la kufutia karatasini. Kosa la kibodi haliachi alama yoyote, bali hutoka safi na kupendeza sawasawa na neno lililo sahihi.

Tuchukue mfano. Kitufe cha 5 na kitufe cha 6 vimekaa ubavuni kwa ubavu. Karani akikusudia kuandika mwaka 1951, kidole kikateleza, mzee husomeka kuwa amezaliwa 1961. Pencheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016, iliwekwa kwa ajili ya wazee waliotimiza umri wa miaka 70. Mzee huyo, kwa kosa la kitufe kimoja, huonekana mdogo kwa miaka 10 kuliko alivyo. Kadhalika majina: Khamis na Hamisi ni jina moja masikioni mwetu, lakini kwa kompyuta ni watu wawili. Mtu aliyeandikwa kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine katika jalada la kazi hupata usumbufu mkubwa siku ya kustaafu.

Kipanya kilibuniwa na Douglas Engelbart wa Marekani. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 kwa kipande cha mti chenye magurudumu mawili chini yake, na kilionyeshwa hadharani mjini San Francisco mwaka 1968. Kipanya huondoa makosa ya tahajia, kwa kuwa mtumiaji huchagua neno katika orodha iliyokwisha kuandikwa. Lakini huleta kosa lake chenyewe: kuchagua mstari wa juu au wa chini ya ule uliokusudiwa. Hivyo mkaazi wa shehia moja huweza kuandikwa katika shehia ya jirani, na jina lake likakosekana katika orodha ya sheha wake.

Skana ni mashine ya kuingiza sura ya karatasi. Humulika waraka, hupima mwanga unaorudi, na huugawa waraka huo katika nukta ndogo ndogo. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake nchini Marekani waliingiza kwa njia hiyo picha ya mwanawe mchanga, yenye nukta 176 kwa 176. Skana za leo huchukua mamilioni ya nukta katika ukurasa mmoja.

Ni lazima ifahamike kwamba skana huingiza picha tu. Ili picha hiyo igeuke kuwa maneno yanayoweza kutafutwa, huhitajika programu ya kutambua herufi. Programu hizo husoma vyema maandishi ya chapa ya herufi za kirumi, lakini hukosea zaidi katika hati za mkono. Visiwani kwetu suala hili lina uzito wa pekee, kwani hati nyingi za zamani za mashamba, wakfu na hukumu za kadhi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliyesoma chuoni anajua kwamba be, te na the hutofautiana kwa nukta tu. Doa la unyevu au tundu la mchwa likiangukia mahala pabaya, mashine huhesabu nukta isiyokuwapo, na jina la mwenye shamba likageuka. Aidha, tarehe za hati hizo mara nyingi ni za Hijria. Mwaka 1371 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Oktoba 1951 na kumalizika Septemba 1952. Asiyetazama mwezi atakosea mwaka. Kazi hiyo haina budi kupitiwa na mtu mwenye elimu ya hati.

Chombo cha alama za vidole husoma mistari ya ngozi na kuilinganisha na ile iliyohifadhiwa. Wazee, mafundi wa uashi na akinamama wanaolima mwani huweza kuwa na vidole vilivyochakaa kwa umri, saruji au maji ya chumvi, chombo kikashindwa kuwatambua. Kushindwa huko ni kwa chombo, na hakumaanishi kwamba mtu si yeye. Vidole vikaushwe, kijaribiwe kidole kingine, na ikishindikana zitumike njia nyingine za utambuzi. Si haki mtu kurejeshwa nyumbani kwa sababu ya kazi ya mikono yake.

VIFAA VYA KUTOLEA

Kiwambo huonyesha taarifa kama ilivyo ndani ya kompyuta wakati huo. Hapa ndipo mahala pepesi pa kusahihisha, kwa kuwa bado hakuna karatasi iliyotoka wala sahihi iliyotiwa. Ni uungwana na ni faida kumgeuzia mwananchi kiwambo asome mwenyewe jina lake na tarehe yake, au kumsomea asiyejua kusoma, ilimradi taarifa za watu wengine zisionekane.

Printa ziko za aina kadhaa. Ya sindano hugonga utepe wa wino, nayo hufaa kwa fomu zenye nakala za kaboni. Ya wino hurusha matone madogo mno karatasini. Ya leza, iliyobuniwa na Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox, huchora kwa mwanga juu ya pipa lenye umeme, unga wa wino ukanasa penye mchoro, kisha joto likaugandisha karatasini. Stakabadhi za mashine za benki mara nyingi hazina wino kabisa. Karatasi yake hubadilika rangi kwa joto, na maandishi yake hufifia. Mwananchi anayetaka kuihifadhi stakabadhi ya namna hiyo na atoe nakala mapema.

Spika nazo zina manufaa makubwa kwa wasioona, kwani zipo programu zinazosoma kwa sauti yale yaliyomo katika kiwambo.

USHAURI KWA WATUMISHI NA WANANCHI

1. Mtumishi alinganishe kiwambo na hati ya asili, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kuhifadhi na kabla ya kuchapisha.

2. Hati ya asili isitupwe kwa sababu tu imekwisha kupitishwa katika skana. Siku ya ubishi, hiyo ndiyo shahidi.

3. Anayetia sahihi asome kwanza. Muhuri huthibitisha yaliyoandikwa, na kosa lililogongwa muhuri ni gumu kuondoka.

4. Mwananchi asome cheti au kitambulisho chake palepale dirishani. Akiona kosa, aombe lirekebishwe siku hiyo, kabla halijanakiliwa katika orodha nyingine.

Dakika mbili za kusoma upya hazipunguzi kasi ya kazi. Jalada lenye kosa huweza kumzungusha mtu mmoja katika ofisi nyingi kwa miezi, na aghalabu mtu huyo ni mzee aliyeitumikia nchi na ambaye hana nauli ya kurudi kesho.