Kishikwambi Kimfikie Mtoto

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu wa Bara na Visiwani vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Uamuzi huo twaupongeza. Ila sisi wa Visiwani tukumbuke: mtoto wetu huingia darasani na Kiswahili cha mamaye, mwenzake wa Tarime au Serengeti huja na Kikurya au Kingoreme, na kitabu hakimtamkii neno. Chombo chenye sauti humtamkia. Mkoani Tanga, katika majaribio ya 2017 hadi 2019, watoto wa vijijini, wengi wao wasiopata kwenda shule, walikabidhiwa vishikwambi vya Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua; wako walioanza kusoma pasipo mwalimu. Twawauliza wahusika: huko Mara, kishikwambi cha mwalimu humfikia mtoto, au huishia ofisini?