Usihukumu mti mwezi wa kumi

Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza, vilima vinavyozunguka Likasi hushika rangi ya masizi. Moto wa nyasi hupita, miti hubaki imesimama mikavu, na wachoma makala huja na hoja ambayo si ya kupuuzwa: mti umeshakufa, kwa nini uachwe uliwe na mchwa wakati umeme unakatika na mbabula za mjini zinangoja?

Kabla ya kumjibu mtu huyo, mimi huuliza kwanza kama mti kweli umekufa, na umeuawa na nini.

Msitu wetu ni miombo. Mutondo, musamba na jamaa zao hupukutisha majani kiangazi, kisha huchipua kabla hata mvua haijashuka. Mti unaouona umekauka Septemba huenda umepumzika tu. Hata shina likiungua kabisa, mara nyingi mizizi iko hai na machipukizi hutokea shinani miezi michache baadaye. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, vipande vya miombo vilianza kuchomwa kwa makusudi mwaka 1933 ili kuona vitakuwaje, na mtafiti Trapnell akachapisha matokeo mwaka 1959. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, msitu uliustahimili. Moto wa mwisho wa kiangazi, ukirudi mwaka baada ya mwaka, uliumaliza msitu na kuacha nyasi. Kinachoua miombo, basi, ni kuunguzwa tena na tena kabla machipukizi hayajapata urefu wa kuokoka.

Hapo ndipo uvunaji wa miti iliyoungua unapoweza kuleta madhara. Magogo yakiburutwa na lori likipita, machipukizi hupondwa. Matawi na vilele visivyo na kazi huachwa chini, vikikauka vinakuwa kuni za moto wa mwaka unaofuata. Marekani waliliona hilo Oregon, ambako moto mkubwa uitwao Biscuit ulipita mwaka 2002. Watafiti walihesabu miche iliyokuwa imeota yenyewe, kisha wakahesabu tena baada ya wakataji kupita: ilikuwa imepungua kwa asilimia 71. Utafiti huo ulitoka mwaka 2006 na ukazua ugomvi mkali, maana wengi waliamini kwamba kukata ndiko kunakosaidia msitu kurudi.

Wanaotetea kukata haraka wana sababu zao. Januari 2005 dhoruba ya Gudrun iliangusha Sweden takriban mita za ujazo milioni 75 za mbao kwa usiku mmoja, nyingi zikiwa za msprusi. Msprusi ulioanguka huvutia mbawakawa wa magome, ambao wakishazaliana huhamia kwenye miti mizima, na mbao zenyewe huharibika upesi. Lakini miombo ina mchanganyiko wa miti mingi, na kiini cha mubanga au mulombwa hukaa miaka bila mchwa kukigusa. Haraka ya Sweden haina nafasi hapa. Ukisubiri msimu mmoja wa mvua, mbao nzuri haitapotea, na utajua kwa macho yako ni mti gani umekufa. Kwaruza gome kwa panga mwezi wa pili: pakiwa na unyevu wa kijani chini yake, uache.

Mti mfu nao una kazi. Nyuki hukaa katika mashimo yake. Mchwa hula kuni na majani makavu na kulima kuvu ndani ya kichuguu, na humo hutoka ule uyoga mkubwa unaouzwa kando ya barabara masika. Ukisomba kila gogo, unapunguza chakula cha mchwa.

Kuna mahali ambapo nasema kata, tena kata yote. Ardhi itakayochimbwa shimo la shaba au kufunikwa na bwawa la mabaki ya kiwanda haina machipukizi ya kulinda. Kuisukuma miti ile kwa tingatinga na kuichoma hovyo, wakati watu wa jirani wanatembea mbali kutafuta kuni, ni hasara tupu. Shamba la mikaratusi lililoungua ni hivyo hivyo: vuna, panda upya. Anayechoma makala humo aweke tanuri lake juu ya alama ya tanuri la zamani, kwa kuwa udongo ulioiva kwa moto huo hukaa muda mrefu bila kuotesha kitu cha maana.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ruhusa yenyewe. Ukiruhusu kuvuna miti mifu tu, mwenye tamaa atamenya gome kuuzunguka mti mzima mwaka huu, mwaka kesho arudi kuchukua "mfu" wake. Kwa mukula, ambao tangu 2019 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES, kishawishi ni kikubwa zaidi. Ila mukula, kama mulombwa, hutoa utomvu mwekundu ukikatwa ukiwa hai. Mkaguzi anayelitilia shaka gogo aangalie ncha zake: pakiwa na michirizi ya wekundu ulioganda, mti ule ulikuwa hai shoka lilipoufikia, hata karatasi iseme nini.