Wameshinda, Mbona Wamenuna?

Tangu Septemba 2023 nimekuwa kichekesho cha grupu letu la Watanzania wa Birmingham, Alabama, kisa nilimpa mtu hongera. Leo najitetea kwa maandishi ili tuyamalize.

Jumamosi ya tarehe 16 timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilikwenda Tampa, Florida, ikaifunga South Florida 17-3. Jumatatu naingia kazini, namkuta mama mmoja wa zamu yetu kavaa jezi ya timu, sura ya msibani. Nikamwambia hongereni. Akajibu kwamba mechi ile haikuwa ya kupongezana. Nikauliza, kwani hamkushinda? Akageuka akaenda zake. Habari ikafika kwenye grupu, na wale waliotangulia kuja huku wakaamua kwamba dada yao haujui mpira wa Marekani. Naujua. Kaeni niwaeleze.

Wiki moja kabla ya Tampa, Texas ilikuwa imekuja Tuscaloosa ikawafunga Alabama 34-24 mbele ya watu wao. Kwotabeki ndiye mchezaji anayeanza na mpira na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Siku ile alikuwa Jalen Milroe, na mara mbili mpira alioutupa ulidakwa na wapinzani. Kocha Nick Saban akamweka benchi. Tampa akaanza Tyler Buchner, aliyehamia kutoka Notre Dame. Mambo yakakwama, akaingia Ty Simpson. Radi nazo zikasimamisha mchezo. Wakaenda mapumziko 3-3 na timu ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi 1 kati ya 12! Aliyewavusha ni Roydell Williams, aliyekimbia na mpira yadi 129.

Ni ushindi wa mbinde, sikatai. Lakini ni timu ya wanafunzi jamani. Bryce Young, aliyewabeba misimu miwili, alikuwa ameondoka Aprili, wa kwanza kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, mwaka ule. Kocha wa mashambulizi ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Timu ya namna hiyo lazima iyumbe, na ikishinda huku inayumba unaishukuru.

Huku hawashukuru, na sababu yake ndiyo inayonikera. Mwaka ule vyuo vya daraja la juu vilikuwa 133, na karibu kila kimoja kilikuwa na mechi 12 tu kabla ya fainali za kanda. Haiwezekani wote wakutane, kwa hiyo hakuna msimamo mmoja wa ligi unaomaliza ubishi. Watu wanapiga kura! Tangu 1936 shirika la habari la Associated Press limekuwa likikusanya kura za waandishi wa michezo na kupanga nani bora kuliko nani. Alabama iliingia Tampa ikiwa ya 10. Ikashinda. Kesho yake waandishi wakaishusha hadi ya 13, mara ya kwanza kutoka kumi bora tangu 2015. Niambieni ni wapi pengine duniani timu inashinda halafu inashuka nafasi tatu bila kukatwa pointi.

Kura hizo hata hivyo hazina meno. Wenye meno ni kamati ya watu 13, ambayo wakati ule ilichagua timu 4 za kugombea ubingwa; tangu 2024 zimekuwa 12. Desemba 2023 Florida State walifika mbele ya kamati hiyo wakiwa wameshinda mechi zote 13. Kwotabeki wao, Jordan Travis, alikuwa ameumia vibaya mguu Novemba, na fainali ya kanda wakaishinda 16-6, mchezo usiotazamika. Kamati ikawaacha nje. Nafasi ikaenda kwa Alabama hawahawa, waliokuwa wamefungwa mechi moja, maana kwenye fainali ya kanda yao walikuwa wamewatoa Georgia 27-24. Kwetu bao la kujifunga dakika ya 90 ni pointi tatu, na hakuna kikao cha kuuliza kama Yanga ilipendeza. (Mashabiki wa Simba wanaonuna hata wakishinda tano msiniletee, hao ni kesi nyingine.)

Hapo kati, Novemba 25, Alabama walicheza na Auburn, mahasimu wao. Jimbo hili halina timu ya NFL, kwa hiyo siku hiyo huwezi kumpata mtu. Ndugu yetu mmoja akaoa siku hiyohiyo. Wageni wa Kimarekani waliojitokeza walikaa na simu chini ya meza, na keki inakatwa ukumbi ukalipuka mayowe, MC akadhani ni ya keki. Milroe, yuleyule wa benchi, alikuwa ametupa mpira wa mwisho wa matumaini, zimebaki yadi 31, Isaiah Bond akaudaka, 27-24. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kama timu ilicheza vizuri.

Binti yangu alikuwa ukumbini, na yeye ndiye aliyenieleza kilichotokea, maana anapiga klarineti kwenye bendi ya shule, ile inayotumbuiza kwenye mechi, na mechi zote anazijua. Yeye hanisumbui. Anayenisumbua ni mdogo wake wa darasa la nane, anayetaka kuwa kwotabeki. Majuzi timu yao ilishinda 14-12. Nikamwambia hongera mwanangu, akatazama dirishani: "Mama, hatukucheza vizuri." Nimezaa Mualabama. Chakula hakula, na usiku namsikia chumbani anarudia video ya mpira alioutupa vibaya.

Sasa ameleta fomu ya timu ya sekondari ya mwakani. Ina ukurasa mzima kuhusu mtikisiko wa ubongo, na chini yake nafasi ya sahihi ya mzazi. Baba yake, aliyewahi kudaka mechi za mchangani Morogoro, anasema tumwache acheze. Mimi nimeusoma ukurasa ule na kalamu haijashuka. Mzazi yeyote wa huku ambaye kijana wake amepita kwenye mchezo huu, naomba aniandikie. Fomu inarudishwa Ijumaa.