Mficha Maradhi Kilio Humfichua

Katika matanga mengi niliyohudhuria Bungoma na Kitale, wasifu wa wazee waliotutoka husomwa kwa maneno yanayokaribiana mno. Mzee alianza kusumbuliwa na mgongo. Akapelekwa hospitali moja, akahamishiwa nyingine, hali ikazidi kuzorota, hatimaye akaitikia mwito wa Muumba wake. Waombolezaji huinamisha vichwa. Ni nadra mtu kuuliza ni mgongo wa aina gani huo unaowamaliza wazee wetu.

Si kila maumivu ya mgongo ni saratani, wala sipendi kumtia msomaji hofu isiyo na msingi. Hata hivyo, saratani ya tezi dume inapotoka mahali ilipoanzia, hupenda kukimbilia mifupa, hususan ya uti wa mgongo na nyonga. Tezi hiyo ndogo, iliyo chini ya kibofu cha mkojo, kila mwanamume huzaliwa nayo, na saratani yake ni miongoni mwa zile zinazowapata wanaume wa Kenya kwa wingi zaidi. Mwanzoni aghalabu haiumi. Mifupa inapoanza kulia, ugonjwa umekwisha safiri.

Safari hiyo ndiyo inayowashughulisha wataalamu leo. Mgonjwa aliyewahi hospitali anaweza kuondolewa tezi nzima kwa upasuaji. Je, amepona? Wengi hupona. Wengine hubakiwa na seli chache ambazo baadaye huenea. Kwa miaka mingi daktari alitegemea umbo la seli chini ya hadubini, kwa mizani iliyoasisiwa na Mmarekani Donald Gleason katika miaka ya 1960, na baadaye kipimo cha damu kiitwacho PSA. Mbinu hizi zinafaa, ila wagonjwa wawili wenye matokeo sawa waweza kuwa na hatima tofauti kabisa.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kipimo kilichokuja kuitwa Decipher, ambacho huchunguza jeni 22 katika uvimbe. Niruhusiwe kutumia mfano wa taaluma yangu. Kila seli imebeba kamusi nzima ya mwili. Lakini kamusi haituelezi tabia ya msemaji. Maneno anayoyatumia ndiyo humfichua. Kipimo hiki husikiliza ni maneno gani ya kamusi hiyo ambayo uvimbe unayasema kwa sauti kubwa, na yapi umeyanyamazia. Jibu hutolewa kwa alama kati ya 0 na 1. Alama ikikaribia 1, hatari ya kusambaa ni kubwa, na daktari ana sababu ya kufikiria mionzi mapema. Ikiwa ndogo, mgonjwa huenda akaepushwa mionzi, ambayo yaweza kudhuru kibofu na utumbo.

Haya ni maendeleo ya kutia moyo. Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kutafakari.

Kwanza, sampuli zilizounda kipimo hiki zilitoka Mayo Clinic, Marekani, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa Wazungu. Ni kama kuandika sarufi ya Kiswahili kwa kuwasikiliza wasemaji wa Kiunguja pekee, kisha ukadai umeeleza Kimvita na Kiamu. Baadaye kimejaribiwa kwa Wamarekani Weusi pia, lakini asili ya wengi wao ni Afrika Magharibi. Hao si Wabukusu wala Wasabaoti. Tena gharama yake ni dola elfu kadhaa, mzigo usiobebeka kwa mkulima wa mahindi wa Kitale au wa miwa wa Bungoma.

Pili, na hili latuhusu zaidi, kipimo hiki kiliundwa kwa kuchunguza tezi zilizokwisha kutolewa. Mzee anayefika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, saratani ikiwa imekwisha ingia mifupani, kwa kawaida hafanyiwi upasuaji huo. Lililohofiwa limekwisha kutokea.

Kwa nini wachelewe? Umaskini na umbali vinachangia, lakini ukimya nao una sehemu yake. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, vijana wa Kibukusu husimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho, kijiji kizima kikitazama. Vijana hao hao, wakishakuwa wazee, huona haya kumwambia daktari kwamba mkojo unakatikakatika.

Lugha haituzuii. Saratani ni neno tulilolipata kwa Waarabu, ambako lina maana ya kaa. Wagiriki na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo. Tezi dume ni istilahi safi, isiyo na matusi. Kinachokosekana ni kinywa cha kuitamka. Mwanafunzi wetu wa sekondari hujifunza viungo vya uzazi kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, kisha akashindwa kumweleza babu yake lolote. Elimu hiyo imeishia langoni mwa shule.

Askofu Desmond Tutu aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, na Nelson Mandela mwaka 2001. Wote walisema hadharani, wakatibiwa. Mandela aliishi miaka 12 zaidi, Tutu 24. Heshima yao haikupungua hata chembe.

Walimu wa biolojia na wa Kiswahili, keteni pamoja. Mpeni mwanafunzi maneno ya kupeleka nyumbani: kwamba mwanamume aliyevuka miaka 50, au mapema zaidi ikiwa ndugu yake wa damu amewahi kuugua, azungumze na daktari kuhusu kupimwa, na kwamba PSA ikipanda si lazima iwe saratani, bali ni sababu ya kuchunguzwa zaidi. Nanyi wanafunzi, waulizeni babu na baba zenu kwa adabu, ila waulizeni. Siku sayansi ya jeni itakapofika kwetu kwa bei tunayoimudu, na iwakute wazee wetu wangali na tezi ya kupimwa, si wasifu wa kusomwa matangani.